Tuangalie Miguu ya Punda Wetu

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya wenye punda na mikokoteni



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo wala miche ya miti. Tumekuja kuzungumza juu ya mguu. Si mguu wa mtu, bali mguu wa punda, kuanzia goti mpaka ukwatoni. Tunaona wengine wanatabasamu. Haya, tabasamuni, lakini kwanza tuhesabu pamoja.

Tuseme punda mmoja analeta nyumbani mitungi miwili ya lita 20 kwa safari moja, na kwa siku anakwenda kisimani mara tatu. Hiyo ni lita 120. Siku punda huyo akianza kuchechemea, je, watoto wataacha kunywa maji? Ng'ombe ataacha kunywa? Hapana. Yale maji yanahamia mgongoni mwa mama na mwa binti yake. Mtungi mmoja kwa safari moja, safari sita. Binti anachelewa shule, mama anachelewa shambani. Kwa hiyo kidonda cha punda si cha punda peke yake. Ni kidonda cha nyumba nzima.

Tena kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kama milioni 1.2 tu. Katikati hapo, kuanzia mwaka 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya ngozi zilizopelekwa China, na watu wengi waliamka asubuhi wakakuta kamba tupu. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo, na mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda. Lakini waliokwisha chinjwa hawarudi. Punda uliye naye, huyo ndiye wa kumtunza.

PUNDA HASEMI, LAKINI ANAONYESHA

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Sisi tunasema, kabla ya kumlaumu kwa mateke, angalia ni mahali gani ulipomgusa. Punda aliyekuwa mpole jana, na leo anarusha teke ukigusa mguu wa nyuma, anakuambia, "Hapo panauma."

Mnaijua habari ya Balaamu katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Alimpiga punda wake mara tatu kwa sababu alikataa kwenda mbele. Kumbe punda aliona kitu ambacho bwana wake hakukiona. Ni hivyo hivyo barabarani kwetu. Punda anasimama katikati ya njia, kijana anachukua fimbo. Fimbo haitibu kidonda. Weka fimbo chini, inama, uangalie mguu.

Punda ana tabia moja ya kutudanganya. Huvumilia maumivu kimya kimya. Akifika mahali pa kuchechemea waziwazi, mara nyingi shida imekaa siku nyingi. Kwa hiyo tusingoje achecheme. Tumwangalie angali mzima.

NAMNA YA KUANGALIA MGUU

Kazi hii haichukui hata dakika tano. Ifanye asubuhi kabla ya kumfunga mkokoteni, na jioni baada ya kazi.

Kwanza, mtu mmoja amshike kichwa na kuongea naye polepole. Wewe simama ubavuni, si nyuma yake. Weka mkono begani au kiunoni, kisha uteremshe mkono polepole mpaka chini, ili ajue unakokwenda.

Pili, pangusa matope. Huwezi kuona ngozi kupitia matope.

Tatu, tumia vidole kuliko macho. Pitisha vidole nyuma ya mguu, katika ule mfinyo ulio juu tu ya ukwato. Hapo ndipo maji hukaa, kupe hujificha na vigaga huanzia. Ukisikia kitu kigumu kama punje za ugali uliokauka, ni vigaga. Ukisikia joto, linganisha na mguu wa pili. Mguu mmoja ukiwa na joto na uvimbe kuliko mwenzake, kuna jambo.

Nne, inua ukwato, toa mawe na uchafu, na unuse. Harufu mbaya ya kuoza ni dalili kwamba ukwato wenyewe unaoza kwa unyevu.

MATATIZO MANNE TUNAYOYAONA SANA

1. Vidonda vya kamba

Hili ndilo tunaloliona kuliko yote. Punda anafungwa miguu ya mbele kwa kamba ya nailoni ili asiende mbali wala asiingie kwenye mahindi ya jirani. Nailoni haina huruma. Ni nyembamba, na punda akihangaika inakata kama kisu. Kwanza nywele zinatoka, halafu ngozi inachubuka, halafu nyama inaonekana. Kwa wengine kamba inazama kabisa ndani ya nyama.

Hapa dawa ya kwanza ni kufungua kamba. Unaweza kupaka dawa ya shilingi elfu, lakini kama jioni unafunga tena palepale, umetupa pesa. Afadhali boma. Kikundi kikishirikiana, ua wa miti au wa michongoma unawezekana, na punda wakalala bila kamba. Kama ni lazima kumfunga, tumia mkanda mpana wa kitambaa kizito, upana wa vidole vitatu au zaidi, ulioshonewa ndani kitu laini. Funga shingoni kwa mkanda mpana, au mguu mmoja tu, na ubadilishe mguu kila siku. Mkanda ukilowa, ukaushe.

2. Ugonjwa wa matope

Wenye punda katika udongo mweusi, kama ule wa mashamba ya mpunga ya Mwea, wanaujua. Mvua za masika zikianza, punda anashinda na kulala katika matope. Ngozi ikilowa siku nyingi inalainika na kupasuka, kama mikono ya mama aliyefua nguo kutwa. Ndipo vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho vinapoingia. Utaona vigaga vilivyoshika nywele pamoja kama brashi ya rangi. Kigaga kikitoka kinang'oka na nywele zake, na chini yake pana uwekundu na unyevu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo nao huupata ugonjwa huu, na mara chache hata mtu.

Tiba ina hatua nne, na hatua ya tatu ndiyo watu wanayoisahau.

(a) Kata nywele zilizo juu ya vigaga kwa mkasi, taratibu.

(b) Chemsha maji, yaache yapoe hadi kuwa vuguvugu, na utie kijiko kidogo cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa kila nusu lita. Lowesha vigaga kwa kitambaa safi mpaka vilainike. Vile vinavyotoka kwa urahisi vitoe. Vile vinavyokataa viache mpaka kesho, usivibandue kwa nguvu. Vilivyotoka visitupwe bomani, vichomwe moto, kwa sababu vijidudu hukaa ndani ya kigaga kikavu siku nyingi vikingoja mvua.

(c) Kausha kabisa. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha mweke punda mahali pakavu. Kuosha bila kukausha ni kuongeza ugonjwa.

(d) Paka iodini iliyochanganywa na maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Ngozi ikishapona na kukauka, unaweza kupaka mafuta ya mgando kidogo kabla ya kuingia matopeni, ili maji yateleze. Usipake mafuta juu ya ngozi yenye maji au usaha, maana utakuwa umefunika ugonjwa uendelee chini kwa chini.

Na kwa kuzuia, inueni mahali pa kulala. Mawe, kokoto au mchanga, juu yake majani makavu, na mfereji wa kuondoa maji. Punda akipata mahali pakavu pa kusimama usiku kucha, mguu wake unapata nafasi ya kukauka.

3. Upele wa miguu

Upele huu huletwa na wadudu wadogo sana wanaoishi juu ya ngozi. Punda anapiga chini mguu mara kwa mara bila sababu, anausugua mguu mmoja kwa mwingine, anajiuma chini ya goti. Usiku ndipo anahangaika zaidi. Baadaye nywele zinatoka na ngozi inakuwa nene.

Hapa tuwape habari ya mbali kidogo, kwa sababu inafundisha. Kule Uingereza na Skotilandi wako farasi wakubwa wa kazi wanaoitwa Shire na Clydesdale. Zamani ndio waliovuta majembe na mizigo mizito. Farasi hawa wana manyoya marefu yanayoanzia chini ya goti na kufunika ukwato kama sketi. Yanapendeza sana. Lakini chini ya manyoya hayo hapakauki upesi, na hawa hawa wadudu wa upele hupata nyumba yenye joto na giza. Mwenye farasi anasifiwa kwa manyoya mazuri, kumbe ndani ngozi imejaa vigaga. Tena wengi wa farasi hao wana ugonjwa mwingine, mguu unavimba polepole mwaka hata mwaka, ngozi inafanya mikunjo na vinundu kama mguu wa mtu mwenye matende. Hali hiyo haiponi kabisa, inatunzwa tu. Ndiyo maana madaktari wa kule mara nyingi huanza kwa kunyoa, ili ngozi ionekane na dawa ifike.

Sasa sisi tumepewa punda mwenye nywele fupi miguuni. Hakuna manyoya ya kutuficha ugonjwa. Kinachotuficha ni matope na kutokuangalia.

Kwa upele, mwone daktari wa mifugo akupe dawa inayofaa punda, kwa kipimo cha uzito wake. Dawa nyingi haziui mayai ya wadudu, kwa hiyo hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, hata kama punda anaonekana amepona. Watibuni punda wote wanaolala pamoja siku moja, na majani ya kulalia yatolewe na kuchomwa. Ukimtibu mmoja na kumwacha jirani yake, mwezi ujao mtaanza upya.

4. Vidonda vya nzi

Kidonda kidogo kinakataa kupona. Nyama inaota juu juu, nyekundu, inavuja damu ukiigusa, na ndani yake mna chembe za manjano kama punje za mchele uliovunjika. Hapo nzi wameweka vijinyoo vidogo ndani ya kidonda. Kuosha peke yake hakutoshi. Inahitajika dawa ya minyoo anayoijua daktari. Wako pia nzi wanaouma, ambao hupenda miguu ya mbele na kuiacha na vijidonda vingi. Wote hawa huzaliana kwenye mavi na majani yaliyooza. Basi, zoa mavi kila siku, yapeleke kwenye shimo la mbolea mbali na boma, na mahindi yako yatakushukuru.

MAMBO YA KUTOFANYA

Ndugu zetu, hapa tusikilizane vizuri.

Usipake oili chafu ya gari. Inafunika kidonda, inachoma ngozi, na ndani yake mna uchafu wa chuma na sumu.

Usimwagie maji ya betri, na usichome kidonda kwa chuma cha moto. Unakausha juu na kuua nyama iliyo hai chini.

Na hili la tatu ndilo tunalotaka kila mjumbe aende nalo nyumbani. Usimwogeshe punda kwa dawa ya dipu ya ng'ombe yenye amitraz. Neno hilo limeandikwa kwenye chupa, lisome, au mpe mtoto wa shule akusomee. Dawa hiyo ni nzuri kwa kupe wa ng'ombe, lakini kwa punda, farasi na nyumbu ni hatari. Matumbo yake yanasimama. Mavi hayatoki, tumbo linajaa, punda anajigaragaza kwa maumivu na anaweza kufa. Mtu atasema amerogwa au amekula majani mabaya, kumbe ni dawa ya kupe. Siku ya kunyunyizia ng'ombe, punda awekwe kando, na bomba lililotumika lioshwe vizuri kabla ya kutumiwa kwa kazi nyingine. Muuzaji dukani akikuambia, "Hii ni ya mifugo yote," mwambie, "Nionyeshe mahali palipoandikwa punda."

PEPOPUNDA

Babu zetu wa pwani hawakukosea kuuita ugonjwa huu pepopunda. Punda na farasi hupatwa nao kwa urahisi kuliko wanyama wengi. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi, na huingia kwa kidonda kirefu kilichozibwa na uchafu, hasa mguuni. Mnyama anakakamaa kama ubao, masikio yanasimama, mkia unainuka, taya linafungwa hawezi kutafuna, na kelele kidogo tu humshtua. Ukifika hapo, kumwokoa ni vigumu sana na ni gharama kubwa.

Lakini chanjo ipo. Muulizeni daktari wa mifugo juu yake mkiwa kikundi kizima. Na ninyi wenyewe mnaoosha vidonda hivyo, msisahau kwamba pepopunda humpata mtu pia. Oga mikono kwa sabuni, funika mchubuko wako, na uulize zahanati kama chanjo yako ingali inafanya kazi.

Mwite daktari bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: punda hawezi kukanyaga, mguu umevimba mpaka juu ya goti, usaha unatoka, mfupa au mshipa unaonekana, au kidonda hakijaanza kupona baada ya siku saba za kuoshwa na kukaushwa.

KAZI YA KIKUNDI

Kule Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo cha kutibu punda mwaka 1987. Wengi wetu hatuna kituo kama hicho karibu. Lakini tunacho kikundi, na kikundi ni mikono mingi.

Tunapendekeza kila kikundi kichague siku moja ya mwezi iwe siku ya miguu. Punda wote waletwe mahali pamoja. Mmoja ashike kichwa, mmoja aangalie, mmoja aandike katika daftari: punda wa nani, mguu gani, shida gani, tulifanya nini. Mwezi ujao someni daftari hilo kabla ya kuanza.

Wekeni sanduku moja la pamoja lenye chumvi, sabuni, mkasi, vitambaa safi, iodini na mafuta ya mgando. Mweka hazina alitunze kama anavyotunza pesa. Kila mwenye mkokoteni achangie kidogo kila wiki, ili siku ya kumwita daktari nauli yake iwepo.

Halafu kuna jambo gumu. Punda mwenye kidonda anahitaji kupumzika, na mwenyewe anahitaji kula. Ndiyo maana wengi wanaendelea kumfanyisha kazi huku wakijua. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema ni kosa kumtumikisha mnyama asiyefaa kazi kwa ugonjwa au jeraha. Lakini sheria haichoti maji. Jirani ndiye anayechota. Mkubaliane mapema kwamba punda wa mmoja akipumzika, wengine watampelekea maji kwa zamu mpaka apone. Leo ni wa kwake, kesho ni wa kwako. Kitabu cha Kutoka sura ya 23 kinatuagiza kumsaidia hata punda wa adui aliyeanguka chini ya mzigo. Je, si zaidi punda wa mwanachama mwenzetu?

Tukumbuke mambo matatu tu. Ondoa kwanza kinachomuumiza, iwe kamba, matope au wadudu. Osha na kausha. Usipake kitu usichokijua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa punda ni ghali.

Mungu awabariki, na abariki kazi ya mikono yenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Punda wangapi katika kikundi chetu wana alama za kamba miguuni? Tunaweza kufanya nini mwezi huu ili walale bila kamba?
2. Masika yakija, ni mahali gani bomani pasipokauka? Nani ana mawe au mchanga?
3. Ni dawa gani za dipu tulizo nazo nyumbani? Tuzilete chupa, tusome pamoja.
4. Punda wa mjane au wa mzee akiumia, nani atamchotea maji?